Sayari Kibete ni Sayari? Kisa cha Neno Lililopigiwa Kura

Neno sayari lina safari ndani yake. Lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa kwenda na kutembea, na wanafalaki wa kale walilitumia kwa zile nyota zinazohama mahali, ili kuzitenga na zile zinazokaa. Katika kisa cha Nabii Yusufu ndani ya Kurani, msafara uliopita njiani na kumtoa kijana kisimani unatajwa kwa neno hilohilo. Leo mtu akitaja sayyara mjini Muscat au Cairo, huwa anazungumzia gari. Kwao neno limeshuka barabarani. Sisi tumelibakiza angani. Wagiriki nao walipita njia hiyo, kwani jina lao la sayari, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi, lilikuwa na maana ya mzururaji.

Nimeanza na asili hiyo kwa sababu ugomvi ninaotaka kuusimulia, ule wa Pluto, aghalabu husimuliwa kama habari ya anga tupu: wataalamu walikutana, wakapima, wakaondoa. Ukweli ni kwamba siku ile kura ilipopigwa Pluto haikubadilika hata chembe. Kilichokuwa mezani kilikuwa nomino moja na neno la kuifafanua. Kwa hiyo sisi tunaoshughulika na maneno tuna haki ya kuusikiliza ugomvi huo sawasawa na wale wanaoshughulika na darubini.

Kwa maana yake ya kwanza, sayari ilikuwa jina la tabia. Mtu aliyezoea kukesha nje aliona nyota zikizunguka pamoja usiku kucha kana kwamba zimeshonwa kwenye kitambaa kimoja, na chache zikihamahama kati ya wenzake kadiri wiki zilivyopita. Wahamaji hao walikuwa 7: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, pamoja na Jua na Mwezi. Dunia haikuwamo katika hesabu, maana Dunia ndiyo iliyokuwa baraza la kukaa na kutazama. Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, akiliweka Jua katikati, baraza lenyewe likawa mmoja wa wasafiri, na Jua likatoka katika orodha. Hakuna kikao kilichoamua jambo hilo. Lilizoeleka polepole, katika mabishano ya vizazi kadhaa, na mengine kati ya mabishano hayo yaliwagharimu watu uhuru wao.

Mwezi ulichelewa kutoka. Galileo alipoona mwezi Januari 1610 vitone vinne vikiizunguka Mshtarii, hapakuwa na jina tayari kwa vitu vya aina ile, na kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa sayari za daraja la pili: zile kubwa zinalizunguka Jua, hizi zinazizunguka zile. Mtafiti Philip Metzger na wenzake walipopekua maandishi ya kisayansi ya karne nyingi, katika makala iliyotoka mwaka 2022, walionyesha kuwa desturi hiyo ya kuiita miezi sayari ilidumu miongoni mwa wataalamu hadi karne ya 20 ilipokwisha kuingia. Neno tunalodhani limesimama imara tangu enzi na enzi, kumbe lilikuwa na mipaka ya mchanga.

Sasa niharakishe kidogo. Mwaka 1781, akiwa mjini Bath nchini Uingereza, William Herschel aliona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe kitu alichokidhania kuwa nyota yenye mkia. Kilikuwa Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa na mtu mwenye jina na tarehe. Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha miaka 20 baadaye, na ningependa msomaji akikumbuke tutakapofika Prague.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi wa Palermo, kisiwani Sicily, aliona kijinyota ambacho usiku uliofuata kilikuwa kimesogea. Alikifuatilia hadi Februari, akaugua, na kilipozama katika mwanga wa jua kikapotea. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akabuni njia ya kukokotoa mapito yake kutokana na vipimo vichache vilivyokuwapo, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo kikaonekana tena karibu na mahali alipopataja. Kikaitwa Ceres. Wanafalaki walikuwa wamekwisha kuhisi kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii pana nafasi kubwa mno isiyo na mtu, basi sayari iliyokosekana ikawa imepatikana. Furaha haikudumu. Mwaka 1802 ikaonekana Pallas, mwaka 1804 Juno, mwaka 1807 Vesta, zote katika eneo lilelile.

Herschel alipendekeza ziitwe asteroidi, yaani zinazofanana na nyota, kwa kuwa hata katika darubini yake kubwa zilibaki nukta tu. Wapo waliomtuhumu kwamba anadunisha ugunduzi wa wenziwe ili wake ubaki juu. Neno lake halikushika mara moja. Kwa takribani miaka 40 vitabu vya shule vya Ulaya viliorodhesha sayari 11, na watoto walizikariri Ceres na Vesta kwa bidii ileile tuliyoikariri sisi Pluto. Kisha mwaka 1845 ikaonekana ya 5, na baada yake zikafuatana kama siafu. Mwisho wa mwaka 1851 zilikuwa 15. Wachapaji na wanafalaki walichoka kubuni alama ya kila mojawapo, wakaanza kuziandika kwa namba ndani ya duara, na namba hizo zikahamishwa hadi sehemu yao ya kitabu. Hivyo ndivyo Ceres ilivyoacha kuwa sayari. Hapana aliyelia, hapana aliyepiga kura. Neno lilichakaa upande mmoja likakatika.

Wakati huohuo, namna nyingine ya kuzitafuta dunia zisizojulikana ilikuwa inazaliwa: kuzitafuta kwa kalamu. Uranus haikutembea kama hesabu zilivyotaka, na Urbain Le Verrier wa Paris akakata shauri kwamba iko sayari ya mbali inayoivuta. Barua yake ilimfikia Johann Galle mjini Berlin tarehe 23 Septemba 1846, na usiku huohuo Galle akaiona Neptune, umbali usiotimia nyuzi 1 kutoka pale palipoelekezwa. Nchini Uingereza John Couch Adams naye alikuwa amefanya hesabu ya jambo hilohilo, na ubishi wa nani atangulie kusifiwa umekula kurasa nyingi, sitaongeza wangu.

La maana kwetu ni lile lililofuata. Le Verrier aliigeukia Utaridi, ambayo nayo ilikuwa na kasoro ndogo katika mwendo wake, na mwaka 1859 akatoa jibu la aina ileile: pana kitu kisichoonekana, karibu zaidi na Jua. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa, Edmond Lescarbault, akaandika kwamba amekiona kikikatiza mbele ya Jua. Alitunukiwa nishani ya taifa lake, na sayari ikapewa jina la Vulcan. Jina lilikuwa tayari, mahali palikuwa tayari, hata mgunduzi alikuwa tayari. Sayari yenyewe ndiyo iliyokosekana. Watu walisafiri kuvizia kupatwa kwa jua ili waione, akiwamo James Watson wa Marekani, aliyedai mwaka 1878 kuwa ameiona. Le Verrier alikuwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla, akiwa bado anaamini. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kasoro ya Utaridi haihitaji sayari ya ziada; kanuni ya mvutano ndiyo iliyohitaji kuandikwa upya. Tangu hapo Vulcan ni jina lisilo na mwenyewe.

Pluto ilizaliwa katika ukoo wa Vulcan kuliko wa Neptune, ingawa watu wachache husema hivyo. Tajiri Percival Lowell, aliyejenga kituo cha kutazamia anga huko Flagstaff, Arizona, aliamini kuwa iko sayari kubwa nje ya Neptune. Alikufa mwaka 1916 hajaiona. Tarehe 18 Februari 1930 Clyde Tombaugh, kijana wa miaka 24 aliyetoka shambani, alilinganisha picha mbili za mwezi Januari akaona nukta iliyosogea. Jina lilitokana na pendekezo la msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Lakini nukta ile ilikuwa hafifu mno kuwa jitu la Lowell. Kila ilipopimwa ilipungua. Mwaka 1978 ulipogunduliwa mwezi wake, Charon, ikawezekana kuipima sawasawa, na tungamo lake likaonekana halifiki hata sehemu 1 ya 400 ya lile la Dunia. Nayo ile kasoro ya mwendo iliyomsumbua Lowell ilitoweka mwaka 1993, pale hesabu ziliporudiwa kwa kipimo kipya cha Neptune kilicholetwa na chombo cha Voyager 2. Tombaugh aliipata Pluto kwa sababu alitazama kwa subira; hesabu iliyompeleka pale ilikuwa na makosa.

Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu, wakiwa Hawaii, waliona kitu kingine nje ya Neptune, kisha vingine vikafuata kwa mamia. Ni Ceres tena, safari hii upande wa mbali. Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili wakatangaza kitu kilichodhaniwa kuwa kikubwa kuliko Pluto. Baadaye kipenyo chake kimeonekana kuwa kidogo kidogo tu kuliko cha Pluto, lakini tungamo lake linaizidi kwa zaidi ya robo. Sasa ilibidi kuchagua. Ama sayari ni 10 na zitaendelea kuongezeka, ama ni 8.

Ndipo Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokutana Prague, Agosti 2006. Kamati ya watu 7 chini ya mwanahistoria Owen Gingerich ilipendekeza kwamba kila kinacholizunguka Jua na kuwa duara kwa uzito wake chenyewe kiitwe sayari, na hesabu ingefika 12, Ceres ikirudishwa kwa heshima. Wengi walipinga, wakiongozwa na wanafalaki wa Uruguay, Julio Fernández na Gonzalo Tancredi, waliotaka sharti la tatu: sayari iwe imesafisha njia yake, yaani iwe mtawala wa eneo inamopita. Ubishi wa siku kadhaa ulifuata. Tarehe 24 Agosti, siku ambayo wajumbe wengi walikuwa wamekwisha kufunga mizigo, watu 424 waliinua kadi za manjano kwa niaba ya wanachama wapatao 9,000. Sharti la tatu likapita. Pluto, Ceres na ile ya Brown zikaitwa sayari kibete. Mwezi uliofuata, ile ya Brown ilipewa jina la Eris, mungu wa ugomvi wa Wagiriki. Sijapata kuona jina lililostahili zaidi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo magazeti hayakulisimulia vya kutosha. Palikuwa na azimio la pili, dogo kwa maandishi: kuongeza neno "za jadi" mbele ya zile 8. Lingepita, zingekuwapo sayari za jadi na sayari kibete, zote zikiwa sayari. Jocelyn Bell Burnell, mwanafalaki mashuhuri aliyekuwa akiongoza maelezo, alifungua mwavuli mbele ya ukumbi ili kuwaonyesha wajumbe kinachoamuliwa: je, neno sayari litazifunika zote mbili au moja? Azimio lilipata kura 91 tu. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa Prague, sayari kibete si sayari.

Msomaji mzawa wa lugha hii na alisome tena neno hilo. Mtu kibete ni mtu. Mbuzi kibete ni mbuzi, na mwenye kumla hataambiwa kuwa amekula kitu kingine. Katika Kiswahili nomino hutangulia, na neno la ukubwa linaloifuata huipunguza au kuikuza bila kuifuta. Najua kuna mifano ya kunipinga: nyota yenye mkia si nyota, na nyota ya alfajiri ni Zuhura. Lakini mifano hiyo ni makosa ya kale ya macho yaliyogandishwa katika lugha. Hakuna aliyekaa kikaoni akaamua kwa makusudi kwamba nyota yenye mkia iitwe nyota na isiwe nyota. Wataalamu wenyewe huliweka Jua letu katika kundi la nyota kibete, na sijamsikia yeyote akilivua unyota. Tulipotafsiri istilahi ya Prague, tuliurithi ugomvi wake, na sarufi yetu ikachukua upande ulioshindwa.

Hukumu yangu ni hii. Sharti la kutawala njia lina maana. Pluto hulizunguka Jua mara 2 kila Neptune inapolizunguka mara 3, na mpangilio huo umewekwa na Neptune; hapo mtawala na mtawaliwa wanajulikana. Anayesema kuwa Ceres ilitoka kwa hoja hiyohiyo hajakosea. Kilichokosewa ni kuchagua jina linalokana maana yake lenyewe, tena katika fasili inayotaja Jua peke yake, na kuziacha sayari za nyota nyingine, ambazo zilikuwa zimekwisha kugunduliwa nyingi tangu miaka ya 1990, bila mlango wa kuingilia. Neno asteroidi lilikuwa na ubora huu: lilikuwa neno jipya, halikumlazimisha mtu kusema jambo na kulikana kwa pumzi moja.

Kisha kuna suala la nani mwenye neno. Sisi tuna uzoefu wa vikao vya istilahi. Tumeletewa tarakilishi na ngamizi, na watu wengi wakaendelea na kompyuta. Tumeletewa rununu, ikapata makao kwa waandishi kadhaa na kukosa kwa wauzaji wa simu. Baraza hupendekeza, msemaji hupokea au huacha. Prague ilipata jibu la namna hiyo. Bunge la jimbo la New Mexico, alikoishi Tombaugh, lilitangaza mwaka 2007 kwamba Pluto itabaki sayari katika anga la jimbo hilo. Chama cha wanaisimu wa lahaja nchini Marekani kilichagua kuwa neno la mwaka 2006 kitenzi kilichotokana na Pluto, chenye maana ya kushushwa cheo. Alan Stern, kiongozi wa safari ya chombo cha New Horizons, hajawahi kukubali, na chombo chake kilipopita Pluto tarehe 14 Julai 2015 kilileta picha za milima ya barafu ya maji na tambarare ya naitrojeni iliyoganda. Wenzake kadhaa wamerudi kwenye kipimo cha duara, ambacho kwacho sayari hupita 100, miezi mikubwa ikiwemo. Mwezi wetu ungerudi katika orodha ulimokuwa kabla ya Copernicus.

Nasi hatuna haki ya kuwacheka. Vipo vitabu vyetu vya shule vilivyoipa sayari jina la Sarateni, na Saratani ni buruji, ile ya kaa. Fungu zima la nyota liligeuzwa sayari moja bila kikao wala kadi ya manjano, na watoto wakakariri.

Limebaki la mwisho. Mike Brown, ambaye aliandika kitabu cha kujisifu kwa kuiua Pluto, alitangaza Januari 2016 pamoja na Konstantin Batygin kwamba huenda iko sayari ya 9 ya kweli. Hoja yao ni vitu kadhaa vya mbali sana, kama Sedna inayolizunguka Jua kwa miaka ipatayo 11,000, ambavyo njia zake zimeelemea upande mmoja kana kwamba kuna kinachovichunga. Wapinzani wanasema kuelemea huko kunatokana na mahali darubini zilipoelekezwa. Ni hoja ya Le Verrier, na msomaji anajua kuwa Le Verrier alipata mara moja na akakosa mara moja. Darubini ya Vera Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kazi yake ni kuipiga picha anga ya upande ule tena na tena kwa miaka 10. Kama kitu hicho kipo, kwa hesabu zao kina tungamo la Dunia mara kadhaa, na hapana atakayekiita kibete.

Mimi nilifundishwa 9. Mpwa wangu amefundishwa 8. Jioni moja, tukiwa tumekaa nje, aliniuliza hiyo mpya tutaiita jina gani kwa Kiswahili. Nikamwambia kwanza ionekane.